Kibao Chini ya Gari

Siku za kliniki, Lorna Pruitt aliamka kabla jua halijapanda juu ya mashamba ya mahindi. Alimvisha babu yake soksi, akamkunjia kiti chake cha magurudumu na kukipakia nyuma ya gari. Mama aliwasha injini akaiacha ipate moto. Babu Vernon alijikokota hadi kiti cha mbele, akajifunga mkanda, kisha wote watatu wakaondoka kwenda mjini, ambako mashine ilimsafishia damu kwa sababu figo zake zilikuwa zimechoka. Akikosa mashine siku moja tu, miguu yake ilivimba na kupumua kukawa kazi.

Gari lao lilikuwa Mustang ya zamani, ya buluu, ambayo Babu aliiunda upya kwa mikono yake alipokuwa kijana. Hawakuwa na gari jingine. Katikati ya wiki lilimpeleka Babu kliniki, na Jumamosi jioni Mama alishindana nalo kwenye barabara ya mbio nje ya mji.

Mbio za pale zina utaratibu wake. Kabla ya kuanza, kila dereva huandika kwenye kioo, kwa rangi nyeupe ya viatu, muda ambao gari lake litatumia mpaka mwisho. Magari hushindana mawili mawili, na la polepole huachwa litangulie kwa tofauti ya muda ulioandikwa. Lakini ukifika kwa muda mfupi kuliko ulioandika, umeshindwa. Kwa hiyo anayelijua gari lake hasa anaweza kumshinda mwenye gari la kasi, na Mama alilijua lake kama alivyokijua kikaango chake cha mayai.

Kazi ya kuandika ilikuwa ya Lorna, naye aliiandika namba ile kwa aibu, ndogondogo, pembeni kabisa ya kioo.

"Hilo gari linakimbia au linatembea?" Clint, mtoto wa jirani, alimuuliza Jumamosi moja. "Halina hata sauti. Linakohoa tu kama paka wa bibi yangu."

"Mbona wiki iliyopita lilimshinda mjomba wako?"

"Mjomba alimhurumia babu yako," Clint alijibu, akacheka na wenzake.

Maneno yale yalimchoma Lorna, akaenda nayo mpaka nyumbani.

Kesho yake Mama alikuta ufa kwenye chuma kinachopokea moshi kutoka kwenye injini. "Moshi unavuja hapa," alisema, akijifuta mikono. "Siwezi kumkalisha Babu ndani ya gari lenye moshi. Lazima tubadilishe leo."

Ukutani mwa gereji kulining'inia seti mbili za mabomba ya moshi ambazo Babu alizitunza kwa miaka. Seti moja ilikuwa ya mabomba marefu, nyingine ya mafupi. Lorna alianza kuruka kabla hajaulizwa.

"Marefu, Mama! Babu, mwambie tuweke marefu!"

"Tulia kwanza, mjukuu wangu," Babu alisema kutoka kwenye kiti chake. "Marefu yanaipa injini pumzi. Gari litaruka, na utasikia sauti mpaka kifuani. Lakini yanashuka chini mno, na ukipita pabaya yanagonga. Mafupi yanajikunja huku juu, karibu na injini. Hayaongezi nguvu nyingi, ila hayagusi kitu."

Mama aliyatazama marefu, akatabasamu. "Usifikiri mimi siyatamani. Lakini pale kwenye reli ya treni, njia ya kliniki, barabara imeinuka. Tupime na kibao."

Kibao kilikuwa kipande cha mti wa mwaloni alichokikata Babu zamani, kimo chake sawa na kuinuka kwa reli pamoja na kushuka kwa mabomba marefu. Kikisimamishwa chini ya tumbo la gari na kupita bila kugusa, mabomba marefu yangeivuka reli salama. Kikikwama, yangegonga.

Simu ikalia. Mama aliitwa kiwandani kumshikia zamu mwenzake aliyeugua. Akiwa anavaa viatu aende kwa miguu, alisema, "Lorna, Babu akiamka usingizini, mkalishe garini, na kiti chake ukipakie nyuma, ndipo upime. Gari likibeba watu linashuka. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Babu alikuwa ameshasinzia, kofia usoni. Lorna alijaribu kibao kwanza gari likiwa tupu. Kikapita, lakini nafasi iliyobaki juu yake ilikuwa nyembamba kama unene wa kidole. Alimgeukia Babu. Akajiambia kwamba ni vizuri apumzike, mzee wa watu, asisumbuliwe. Moyoni alijua si hilo. Alikuwa anaogopa kwamba Babu akiketi mle ndani, kibao kitakwama. Alikirudisha kibao rafuni, akafagia gereji ambayo haikuwa chafu.

Mama aliporudi aliuliza, "Umepima?"

"Kimepita, Mama."

"Babu alikuwa ndani?"

Lorna aliinama kuokota spana. "Kimepita bila kugusa kabisa."

Mama alikuwa amechoka, akaridhika na jibu hilo. Waliyafunga mabomba marefu mpaka usiku ukaingia, wakachubuka vidole, wakacheka kila nati ilipowadondokea. Injini ilipowaka, madirisha ya jikoni yalitetemeka. Clint alitoka kwao mbio, akasimama getini mdomo wazi.

"Eeh! Sasa hilo ndilo gari!" alisema. Lorna akajiona amekua ghafla.

Siku ya kliniki ilifika. Miguu ya Babu ilikuwa imevimba kuliko kawaida, na Lorna alihangaika kumvisha soksi. Walipofika kwenye reli, Mama alipunguza mwendo hadi gari likawa linatambaa. Magurudumu ya mbele yalivuka salama. Kisha chini yao ikasikika sauti ya chuma kusaga chuma, gari likatikisika, na pale lilipojikwamua injini ikaanza kunguruma kama trekta. Moshi ukajaa ndani.

"Zima! Fungueni milango!" Babu alisema huku akikohoa.

Walisimama kando ya barabara, ng'ambo ya reli. Mama alilala chini akachungulia. Mabomba ya upande mmoja yalikuwa yamepinda na kung'oka kwenye injini. Alipiga simu kliniki, akaambiwa kuna mgonjwa mwingine anayesubiri mashine, kwa hiyo wafanye haraka.

"Haraka kwa miguu gani?" Mama aliuliza baada ya kukata simu, na sauti yake ilikatika. "Kosa ni langu. Ningepima mwenyewe."

Babu alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, akiitazama miguu yake. "Si wewe, Gail, mwanangu. Ni mimi. Nimejaa maji, nimekuwa mzito. Kila kitu humu ndani mnakipanga kwa ajili yangu, halafu mimi ndiye ninayelikandamiza gari." Akaongeza polepole, "Labda safari hizi zimetosha. Niacheni nikae nyumbani."

Lorna aliijua maana ya kukaa nyumbani bila mashine. Alitamani ardhi immeze, lakini alitamani zaidi Babu asiseme tena neno lile.

"Si wewe, Babu!" alipaza sauti, machozi yakimtoka. "Sikukuamsha. Nilipima gari likiwa tupu. Mama aliniuliza nikamzungusha, kwa sababu niliyataka marefu. Wewe huna uzito wowote, Babu. Ni mimi!"

Mama alimkazia macho. Kabla hajasema kitu, gari la mizigo lilisimama nyuma yao. Wakashuka Bwana Darrell, mjomba wake Clint, na Clint mwenyewe.

"Vernon, mzee wangu, umeamua kuota jua hapa?" Bwana Darrell alitania. Alipoambiwa safari ni ya kliniki, hakuuliza zaidi. Yeye na Mama walimwinua Babu wakamketisha mbele, na Clint akabeba kile kiti cha magurudumu bila kutumwa. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani mdomoni.

Babu aliiwahi mashine kwa taabu. Muuguzi alimgombeza kwa kuchelewa, akamfunika blanketi, akaiwasha.

Jioni ile, gari lilipokwisha kuvutwa hadi nyumbani, Mama na Lorna waliyafungua mabomba yaliyopinda. Nati ya mwisho ilipotoka, Mama alisema, "Nimekasirika, Lorna, na nitakasirika mpaka kesho. Lakini umesema ukweli pale pale, mbele ya babu yako, alipokuwa anajilaumu bure. Hilo nimeliona. Haya, nipe yale mafupi."

Asubuhi ya kliniki iliyofuata, Lorna alimketisha Babu garini, akapakia kiti nyuma, akamwomba na Mama aketi. Kisha akalala chini akasimamisha kibao. Kilikwaruza kwenye chuma, kikakwama. Akaketi pale chini, akakitazama kwa muda. Hivyo ndivyo kingekwama siku ile. Kisha akachungulia mabomba mafupi. Yalikuwa juu kabisa, yamejikunja karibu na injini.

"Kimekwama, Babu," alisema, akiinuka. "Ila haya mafupi hayafiki huko chini. Tutapita."

Kwenye reli Mama alipunguza mwendo. Magurudumu ya mbele yakavuka, ya nyuma yakavuka, na hakuna chuma kilichogusa chuma. Babu alipumua kwa nguvu, akageuka.

"Nikwambie kitu, Lorna. Gari likiwa tupu, kila kitu kinapita, na mtu anaweza kujidanganya atakavyo. Sisi hatusafiri na gari tupu. Ukitaka kujua ukweli, pima na watu wako wakiwa ndani, hata kama jibu hulipendi."

"Ndiyo, Babu."

Jumamosi, Mama alimpa Lorna rangi ya viatu na kumtajia muda. Ulikuwa uleule wa zamani, wa polepole, na Clint alikuwa amesimama karibu akitazama. Safari hii Lorna aliiandika namba hiyo katikati ya kioo, kubwa, na Babu aliyeketi mbali kwenye kiti chake akaisoma bila miwani.