Ukungu Kwenye Kioo cha Pikapu

Jumamosi, tarehe 13 Aprili 1996. Asubuhi hiyo manyunyu yalianza kabla ya saa kumi na mbili, yakakoma, kisha jua likatoka kali hata mabati ya maseremala wa Gikomba yakafuka mvuke.

Muthoki alikuwa ameegesha pikapu kuukuu ya marehemu baba yake mbele ya seremala aliyemtengenezea sanduku la kubebea keki. Alivaa rinda la kitenge cha manjano na kitambaa cheupe kichwani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejaa aisingi, ile sukari laini ya kupambia keki, hadi kiwikoni, kwa maana keki ya harusi, ghorofa tatu, ilikuwa imeanza kuinama kwenye kiti cha abiria.

"Dada, keki yako inatoka jasho," sauti ilisema dirishani.

Aligeuka. Kijana mrefu mwenye koti la mtumba begani alikuwa akichungulia ndani bila haya.

"Na wewe umetoka macho," Muthoki alimjibu. "Nisaidie kubeba hili sanduku ama upite."

Kijana alicheka, akabeba. Aliitwa Luseno, fundi wa majokofu katika karakana moja ya Industrial Area. Alipoinama kuweka sanduku, aliona kitufe kwenye dashibodi.

"Hii gari ina kiyoyozi! Mbona unateseka?"

"Kilikufa kabla ya baba. Nikifungua madirisha, vumbi linakula keki. Nikifunga, inayeyuka. Na tarehe ishirini na saba napeleka nyingine Makindu."

"Makindu, na joto lile? Unakaa wapi?"

"Komarock."

"Jumamosi nitakuja."

Siku hizo mapenzi yalipita kwenye kibanda cha simu. Jumatano Muthoki alipanga foleni, akatia sarafu, akapiga simu karakanani kwa namba aliyoachiwa.

"Luseno hapa. Nani mwenzangu?"

"Mteja wako wa keki."

"Mteja ama malkia?"

"Mteja. Malkia hapangi foleni kwenye kibanda."

"Basi, mpenzi mteja, chemsha chai. Mtu wa Kakamega hafanyi kazi na maji matupu."

Jumamosi alifika na mtungi wa gesi, pampu, na geji mbili za kupimia shinikizo, zenye mipira ya rangi. Alitia gesi kidogo, akapaka povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba, na kwenye kiungo kimoja povu likaanza kuchemka lenyewe.

"Hapa ndipo inapotorokea," alisema. Alibadilisha pete ya mpira, akafunga pampu ifyonze hewa yote. Kisha akaizima, akakaa kutazama mshale wa geji.

"Si ujaze sasa!"

"Bado. Mshale ukisogea, bado kuna tundu. Nikijaza sasa utanilaani ukiwa Makindu."

Mshale haukusogea. Walikunywa chai, akajaza, akamwita ndani. "Funga madirisha. Shika kipimajoto hapa baridi inapotokea."

Walikaa dakika ishirini injini ikinguruma. Kipimajoto kilishuka hadi nyuzi sita. Muthoki alitetemeka, Luseno akamfunika lile koti la mtumba, naye akavuta ncha moja ikamfunika Luseno pia. Nje mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Hewa yenye unyevu iligusa kioo baridi, kioo kikawa cheupe.

Sasa, pale Komarock hakukuwa na mtu aliyezoea kukaa garini madirisha yakiwa yamefungwa. Mama Phelister, jirani na katibu wa akina mama wa kanisa, alikuwa akitoka dukani. Aliona kioo kilichofunga ukungu, injini inayonguruma, na vivuli viwili chini ya koti moja.

Kesho yake Mzee Musau, mzee wa kanisa, aliyekwisha kuambiwa na Mama Phelister, alimzuia Muthoki kwenye mlango wa kwaya. "Binti yangu, vua joho kwanza. Wazee watakusikiliza tarehe tano Mei."

Muthoki alikuwa ameimba katika kwaya ile tangu darasa la saba. Jumatatu alikimbilia kibanda cha simu.

"Luseno yuko?"

Mtu wa upande wa pili alisita. "Amesema nikwambie hayuko."

Hakujua kwamba Luseno, aliposikia habari hizo, alikuwa amemwendea Mzee Musau kumtetea, na akaambiwa, "Kama unamheshimu, usiongee naye hadi siku hiyo." Luseno alilelewa kutii wazee. Alitii, na kila jioni akapiga magoti kumwombea. Mungu alisikia; Muthoki hakusikia kitu. Keki ilifika Makindu imesimama wima, mama wa bibi harusi akamkumbatia, na Muthoki akalia njia yote ya kurudi ndani ya ile baridi nzuri.

Tarehe tano, baada ya ibada, waumini walibaki uwanjani. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika. Mama Phelister alieleza alichokiona. Kabla Muthoki hajajibu, Luseno alijitokeza amevaa tai.

"Si wewe hauko?" Muthoki alimwuliza.

"Nipe ufunguo tu, tafadhali." Kisha akawageukia wengine. "Mzee Musau, Mama Phelister, naomba mkae ndani ya pikapu ile pale dakika ishirini."

Waliingia wakinung'unika. Madirisha yakafungwa, injini na kiyoyozi vikawashwa. Polepole kioo kikawa cheupe, hata nyuso zao zikapotea.

"Haki ya Mungu!" mtu wa kwaya alipaza sauti. "Hawa wawili wanafanya nini humo?"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mama Phelister alishuka haraka, akapitisha kidole kwenye kioo kutoka nje. Alama ikabaki.

"Uko nje," alisema kwa sauti ndogo. "Ukungu uko nje. Si pumzi za watu, ni baridi ya gari." Aliingia kanisani, akarudi na joho, akamvalisha Muthoki kwa mikono yake mwenyewe. "Nisamehe, mwanangu."

Muthoki alimkumbatia, kisha akamgeukia Luseno. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Wiki mbili, Luseno."

"Niliambiwa ninyamaze kwa ajili ya jina lako."

"Jina langu heri wangelichukua! Mimi nilidhani umenionea aibu."

"Nimekosa, mpenzi. Sitarudia."

"Usininong'onezee. Sema wasikie."

Luseno alitazama wazee, akatazama kwaya, akamshika mkono.

"Mbele za Mungu na ninyi nyote," alisema, na sauti yake ilifika barabarani, "mwezi huu nitakwenda na wazazi wangu kwa wajomba wa Muthoki kumposa. Wakinikataa, nitarudi. Na tangu leo, yeyote akiniambia ninyamaze kwa faida ya Muthoki, Muthoki ndiye nitakayemwambia kwanza."