Kisiki Akataa Kukata Video

Tegeni masikio, wajukuu zangu: tembo kapita tundu la sindano, na upande wa pili katoka mzima, hata unywele wa mkia haukupungua. Ni nini? Mmeshindwa? Basi nipeni mji, tena ule wenye lami. Haya, ni video ya mjukuu wangu Kisiki. Sikilizeni ilivyopita.

Kisiki tulimwita hivyo kwa sababu akishasema hapana, hata trekta halimng'oi. Kila akitoka shule alipitia dukani kwa mama yake mdogo, anayechapa na kutoa nakala. Alifagia vipande vya karatasi, akapanga karatasi mpya kwenye mashine, ndipo akaruhusiwa kukalia kompyuta.

Siku hiyo alikuja na kiranja wa darasa lao, msichana mwenye haraka zake. Walikuwa na video ya mashindano, ya kueleza shida ya vyoo shuleni. Shule itakayoshinda ingejengewa vyoo vipya, na wasichana wa shule yao wote walitumia choo kimoja. Mwisho wa kupokea ulikuwa jioni ile ile, saa kumi na mbili.

Kisiki akafungua ukurasa wa mashindano, akachagua faili, akabonyeza "Pakia". Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kama konokono. Ukakaribia mwisho, mtandao ukakohoa mara moja tu, mstari ukarudi sifuri. Akaanza upya. Ukafika katikati, ukarudi sifuri.

"Faili lenu zito," alisema mama mdogo. "Linakwenda zima zima, kama kabati mlangoni. Likikwama, mnalirudisha mlikolitoa."

"Basi tukate," alisema kiranja. "Tumtoe yule mtoto wa darasa la pili. Anaongea polepole, utadhani maneno anayanunua."

Kwenye video mtoto huyo alisema: "Mimi asubuhi sinywi maji. Nikinywa, nitapanga foleni ya choo, halafu nitakosa hesabu."

"Simkati," alisema Kisiki. "Huyo ndiye video yenyewe. Sisi wengine mapambo."

Kiranja akamsogelea sikioni. "Kuna dawa. Chukua picha yoyote ndogo, ipe jina la video yetu. Ukurasa utaandika 'Imepokelewa'. Wakishindwa kuifungua, tutasema iliharibika njiani. Shule ya jirani wamefanya hivyo!"

"Tuombe choo kwa uongo? Tutakaaje humo?"

"Tutakaa kama watu wote wanavyokaa!"

Mama mdogo akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Kisiki hakucheka. Chini ya ukurasa aliona namba ya simu ya fundi wa tovuti.

"Mama mdogo, naomba simu."

"Utamwambia nini mtu mzima?"

"Ukweli. Kwa adabu."

Simu ikapokelewa. "Shikamoo. Video yetu haipandi."

"Marahaba. Punguza, binti. Wenzako wamepakia bila shida."

"Sheria yenu inasema isizidi dakika kumi. Yetu haifiki kumi. Kosa langu ni lipi?"

"Binti, nina kazi nyingi." Simu ikakatika.

"Umeona?" alisema kiranja. "Umekataa kukata, umekatwa wewe."

Kisiki akapiga tena. "Shikamoo tena, mjomba."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Tafadhali tazama huko kwako. Nabonyeza sasa."

Fundi akatazama. Mstari ukapanda, mtandao ukakohoa, mstari ukaanguka. Safari hii vidole vyake vilisikika vikigonga vitufe.

"Nawawekea njia nyingine," alisema hatimaye. "Hii inaligawa faili vipande vidogo. Kila kipande kikifika, seva yetu, yaani kompyuta kuu ya huku, inakipokea na kukihifadhi. Mtandao ukikatika, mnaendelea mlipoishia. Mwisho seva inaviunga vyote, hakipotei kitu."

Wakajaribu. Mtandao ukakohoa, mstari ukasimama, ukangoja, ukaendelea. Kiranja aliacha kutafuna kucha. Kabla muda haujaisha, maandishi yakatokea: "Imepokelewa." Wakarukaruka mpaka karatasi zikamwagika.

Simu ikalia. Ni fundi. Mama mdogo akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Nimefungua yale mafaili ya wenzenu," alisema. "Mengi ni picha tupu zenye majina ya video. Kwa kuwa yalipita, niliamini mlango wangu ni mzima."

Mama mdogo akawageukia wasichana. "Mmesikia? Uongo wao uliuficha ubovu, na kila aliyekuja nyuma na kitu cha kweli akagonga ukuta. Mkiona mlango mbovu, msipite dirishani. Semeni ni mbovu, hata kama msemaji ni mmoja."

Kiranja akainama, akaanza kuokota karatasi. Kisiki akaisogelea simu.

"Lakini mjomba, swali langu bado hujanijibu."

Fundi akashusha pumzi. "Huna kosa, binti. Kosa ni langu."