Mkono Uliofunga Dashibodi

Nilikuwa nimeshaanza kukusanya spana nirudi nyumbani, shemeji, mjane wa kaka yangu, alipoingia gereji na pikapu ya marehemu. Jua lilikuwa linazama. Sikuwa na hamu ya kazi tena. Kusema kweli, sikuwa na hamu ya kazi mwaka mzima. Nilikuwa nalala mapema kama kuku na bado naamka hoi, mabega mazito, vidole vimekakamaa. Mke wangu alisema ni umri. Daktari alisema nipunguze chai.

"Shemeji, najua umechoka," alisema kabla hata hajashuka. "Lakini nisaidie. Kioo kinatoka jasho, na jasho lenyewe linatoka ndani."

Pembeni yake alikaa binti yake, Chiriku. Jina hilo tulimpa sisi, kwa maneno yake mengi. Alikuwa na miaka saba na mdomo wa watu watatu. Jioni ile hakusema kitu. Alikohoa tu. Kikohozi kikavu, kifupi, viwili viwili.

Nilikijua kikohozi kile.

Kaka yangu alikohoa hivyo hivyo miezi mingi kabla ya kufa. Hospitali walimpiga picha za kifua, hawakuona kitu. Akawa anapungua, anapungua, mpaka shati lake la mistari likamning'inia kama limeanikwa kwenye msumari. Ndugu walianza kunong'ona kwamba kachezewa. Mimi nilikataa. Mimi ni fundi, kitu kikiharibika kina sababu.

Baada ya msiba shemeji alichukua pikapu na kazi yake. Kila alfajiri anapakia mitungi ya maziwa na kuisambaza, Chiriku amekaa kiti cha abiria mpaka muda wa shule. Huku kwetu asubuhi ni baridi ya kung'ata masikio, kwa hiyo hita haizimwi.

Nilifungua mlango wa abiria. Harufu ikanipokea. Tamu. Tamu ya kuchefua, kama tunda lililooza ndani ya mfuko wa plastiki. Nikabonyeza zulia chini ya miguu ya mtoto, maji yakachuruzika. Nikayasugua kwa vidole, yakateleza. Nikapitisha kidole kwenye kioo, kikaacha mstari kwenye utando wa mafuta.

"Maji ya rejeta unaongeza mara ngapi?"

"Kila siku. Na chini ya gari hapadondoki hata tone."

Nikafunga pampu ya kupimia presha kwenye rejeta, nikapampu. Mshale ulipanda, ukasimama kidogo, kisha ukaanza kushuka. Nikaingiza kichwa chini ya dashibodi, nikatulia.

Tii... tii... tii...

"Nimeipata," nikasema. "Ndani ya hita kuna rejeta nyingine, ndogo kama kitabu. Maji ya moto yenye dawa ya rejeta yanapita mle, feni inapuliza, mnapata joto. Hiyo imetoboka. Mvuke wake ndio huo kwenye kioo. Na ndio mnaouvuta wewe na mtoto."

Alimtazama mtoto. "Kwa hiyo na kaka yako... ilikuwa ni gari tu?"

"Sijui, shemeji. Lakini mvuke huu si wa mtu kuvuta kila siku."

Akacheka. Kicheko cha mtu aliyechoka kuogopa.

Nikamwambia njia ya mkato ni kuunganisha mipira miwili inayopeleka na kurudisha maji ya hita, pale mbele kwenye injini, maji yasipite ndani kabisa. Akakataa. Bila hita kioo kitaganda na mtoto atatetemeka. Basi nikamwambia aniachie gari. Pikapu nyingine kama ile ilikuwa imekufa uani kwangu, rejeta yake ya hita ikiwa bado nzima.

Kesho yake nilianza mchana. Kuibadilisha si kazi ngumu, ila inachosha. Kirejeta chenyewe kidogo, lakini kimefichwa nyuma ya kila kitu. Unamwaga maji, unachomoa betri, usukani, redio, kisanduku cha abiria, nyaya, halafu ndipo ushuke kwenye bolti zinazoshika dashibodi. Jua lilikuwa limeshainama nilipolegeza bolti ya kwanza, ile ya kona, inayohitaji ulale chali shingo imekunjwa.

Nikaitoa, nikaimulika na tochi.

Kwenye kichwa chake palikuwa na nukta ya rangi ya zambarau.

Niseme kuhusu rangi hiyo. Zamani mke wangu alinunua rangi ya kucha, akaichukia siku hiyo hiyo. Nikaichukua mimi. Nikishakaza bolti naigusa na brashi, nijue hii tayari. Sijawahi kuona fundi mwingine mwenye mtindo huo, tena kwa rangi mbaya namna ile.

Na dashibodi ya gari hili sikuwahi kuishusha. Mafuta nilibadilisha mimi. Breki, mimi. Dashibodi, kamwe.

Nikatoa ya pili. Zambarau. Ya tatu. Zambarau. Nyingine nukta imekauka na kupasuka, na juu yake imepakwa nukta mpya inayong'aa.

Imefunguliwa. Ikafungwa. Ikafunguliwa tena, ikafungwa tena.

Nilijaribu kujidanganya kuwa nimesahau. Lakini mtu husahau kubadilisha plagi. Hasahau kushusha dashibodi nzima ya gari la kaka yake.

"Pole na kazi."

Nilishtuka nikagonga kichwa kwenye chuma. Langoni alisimama mwanamume. Simjui. Alivaa koti safi, mikono ameificha nyuma. Hakuingia. Ncha za viatu vyake viliishia pale pale saruji yangu inapoanzia. Upepo ukaleta harufu ya majivu yaliyolowa.

"Nimefunga, mzee," nikamwambia. "Njoo kesho."

Hakuondoka. Aliitazama pikapu iliyochanwa tumbo, kisha akanitazama mimi, taratibu, kama mtu anayemwonea huruma punda wake.

"Hiyo uliifunga vizuri, fundi," akanong'ona. "Mbona unaifungua?"

Nikainama kuokota spana nzito. Nilipoinuka, langoni hapakuwa na mtu. Barabara ile imenyooka, haina kona wala kichaka. Hapakuwa na mtu.

Ningeacha pale pale. Lakini Chiriku alikuwa anakohoa. Nikashusha dashibodi, nikatoa sanduku la hita, nikalipasua nusu mbili. Rejeta ndogo ikatoka inanata. Haikuliwa na kutu. Ilikuwa na tundu moja tu, la duara, safi, kama limetobolewa kwa sindano ya kushonea magunia.

Nyuma yake palikuwa na kifurushi.

Kitambaa kimefungwa kwa uzi mweusi, kimelowa. Kitambaa cha mistari. Nililijua lile shati. Nikakata uzi. Ndani palikuwa na nywele. Vipande vya kucha. Na kijino kidogo, cheupe, kisafi kuliko vyote vilivyokuwamo.

"Shemeji? Umefikia wapi?"

Alikuwa ameingia na mtoto, amekuja kuulizia gari. Nikafunika kwa tambara, lakini macho ya mtoto ni mepesi.

"Jino langu hilo," Chiriku akasema.

Mama yake akalifunua tambara.

"Jino lako lilifikaje huku?" mama yake akauliza.

Chiriku akanitazama, anashangaa. "Si nilikupa wewe, baba mdogo? Uliniomba dirishani. Ukasema, lete."

"Mimi?" Nikachuchumaa mbele yake. "Lini, mwanangu?"

"Wiki ile lilipong'oka. Bado giza, mama yuko nje anapakia maziwa. Nilikusalimia, hukuitika."

Akakohoa. Viwili.

"Ulikuwa umefumba macho."

Shemeji alimvuta mtoto akamweka nyuma yake. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alinitazama mikono, si uso. Mikono tu. Nikaitazama na mimi. Ilikuwa mikono yangu ile ile, na makovu yake ya spana.

"Shemeji, nakuapia..."

"Usiapie." Alinong'ona. "Usiseme kitu."

Alichukua jino, akalifunga kwenye pindo la leso yake. Vilivyobaki alivitia kwenye kopo la mafuta machafu, akamimina petroli, akawasha. Tulisimama tukitazama mpaka moto ukafa. Alilia bila sauti. Mimi sikulia, ingawa aliyekuwa anaungua mle alikuwa kaka yangu, kipande cha mwisho. Nilikuwa nimechoka mno hata kulia.

Kesho yake alikuja na kaka yake, mchinjaji, mtu mwenye shingo kama gogo. Akakalia tairi, kisu chake kiunoni, akaniangalia mikono tangu asubuhi mpaka nilipokaza bolti ya mwisho. Nilipotaka kupiga chafya niliomba ruhusa. Ile chupa ya rangi ya kucha nilikuwa nimeshaitupa chooni.

Nikajaza maji, nikapima presha. Mshale ukasimama, haukutikisika. Nikawasha injini, joto likaja kavu, bila harufu. Kioo kikabaki kikavu.

Kikohozi cha Chiriku kiliisha taratibu, na maneno yakarudi yote na ya ziada. Nayasikia kwa watu. Kwangu haji. Mama yake anapeleka gari kwa fundi mwingine, tukikutana ananisalimia kutoka ng'ambo ya barabara, mtoto upande wa mbali. Simlaumu. Na mimi ningefanya hivyo.

Ningeweza kusema yalikuwa maji ya rejeta tu. Mvuke ulimdhuru kaka, ukataka kumdhuru mwanawe, tumeuziba, basi. Nilijitahidi kusema hivyo. Lakini wiki ile ile dereva wa teksi alileta gari lake, mgeni kabisa kwangu, eti kuna mlio chini ya dashibodi. Nikalala chali, nikamulika.

Zambarau.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Kifua tu," akasema. "Kwa nini?"

Nilimbadilishia kirejeta, na nilichokikuta nyuma yake nilikichoma kabla hajarudi. Siku ile nilimweleza mke wangu kila kitu. Nilidhani atakimbilia kwao. Alikaa kitandani, akafikiri.

"Bibi yangu alikuwa anasema kuna watu wanachukuliwa usingizini, wanafanyishwa kazi," akasema polepole. "Mwenye jembe wanamlimisha. Anaamka hoi, hajui kwa nini. Wewe una spana, baba watoto."

"Wanaonichukua ni nani?"

"Angejua nani? Aliyechukuliwa analala."

Alikuwa na dawa moja tu, ya kichwani mwake. Alichukua kitambaa chake kirefu cha kichwani, akafunga mguu wangu na wake, kifundo kwa kifundo. "Wakija watuburute wote wawili," akasema. "Tuone watapitia mlango gani."

Nikalala.

Nilipofungua macho kulikuwa kumekucha. Kitambaa kilikuwa pale pale, fundo lake lile lile, sijui analifungaje. Nikanyoosha mikono. Mabega mepesi. Shingo nyepesi. Usingizi mtamu, wa kitoto, sikumbuki mara ya mwisho kulala vile. Nilitaka kucheka. Nikamgeukia nimshukuru.

Alikuwa macho, anatazama dari.

"Baba watoto," akanong'ona. "Usiku nilikuwa wapi?"

Akainua mikono yake kwenye mwanga wa dirisha. Viganja vyote viwili vilikuwa vyeusi kwa grisi.