Chuma cha Bwana Ambrose

Mnisamehe mapema, hadithi hii huiharibu kila ninapoisimulia: pa kuogopa watu hucheka, pa kucheka mke wangu husinzia.

Kanisa letu la Thornby Parva, ambako mimi ni mzee wa kanisa, limekaa ndani ya uwanja wa jumba la akina Tillingfold. Zamani mabwana hao walisali kwenye kizimba chao, kijumba cha mbao chenye meko, wasione baridi. Mahubiri yakirefuka, mkubwa wao, Bwana Ambrose, aligonga jiwe la meko kwa chuma cha kuchochea makaa: ngo, ngo, ngo! Kasisi akafunga kitabu, watu wakaenda kula. Jumapili moja Bwana Ambrose akafia humo, mkono juu, hajagonga. Alizikwa na chuma chake. Vidole vilikataa kukiachia.

Meko yalizibwa kwa matofali enzi za babu zetu. Basi majira ya baridi yaliyopita, Mchungaji Hester aliponusa moshi wa makaa katikati ya mahubiri, alidhani ni uchovu. Mama huyu ana makanisa sita na gari moja bovu.

Ngo.

"Winifred, ni wewe?" Hester alimnong'oneza mpiga kinanda.

"Mie? Mie nilikuwa nimelala, Mchungaji."

Ikawa hivyo kila Jumapili, waumini wakaanza kukimbia. Askofu akaonya: mkizidi kupungua, nafunga kanisa.

"Nimechoka, mzee," Hester aliniambia. "Leo Bwana Ambrose akinikatiza tena, chukua funguo zako ufunge kanisa."

Akaanza sala ya kufukuza pepo, na harufu ya makaa ikapanda ikachanganyika na ya mbwa aliyelowa, na kizimbani kitu kikajikokota juu ya mbao, kikavuta pumzi kama mgonjwa anayeamka, na kimlango kikafunguka taratibu, na kucha za Winifred zikazama mkononi mwangu, na hapo, ngo, ngo, ngo!

Hester akafunga kitabu.

"Haya, Bwana Mkubwa. Sina nguvu za kubishana. Umegonga, yameisha. Amina. Nenda ukale."

Harufu ikatoweka. Watu wakarudi, kanisa likapona.

Ila sasa hakuna wa kumzuia Hester. Jumapili iliyopita alihubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Mara: ngo, ngo, ngo!

"Amerudi!" Winifred akalia.

Wote wakageuka, wakanitazama mimi. Nilikuwa kizimbani, sijui nimeingiaje, chuma cha Bwana Ambrose mkononi, kimejaa udongo mbichi wa kaburini.

"Mzee! Umefanya nini?"

"Mie? Mie nilikuwa nimelala!"

Kweli nililala. Lakini kabla ya kusinzia nilimwomba Mungu alete mtu wa kumnyamazisha mama huyu. Miaka yote nimesali kanisani humo, na sala iliyojibiwa ni hiyo.