Waya wa Kijani

Wacuka alikutwa amelala chini ya sanduku la kuchajia tuktuk mpya ya stima, mkono wa kulia umejikunja kama wa mtu aliyeomba kitu akanyimwa. Alikuwa peku. Maji ya kuoshea mitungi ya maziwa yalikuwa yametapakaa sakafuni.

Inspekta Kate Lokorio alichutama kando yake. Aliona alama ndogo ya kuungua kiganjani. Aliona pia kwamba mtu alikuwa amemfunika marehemu kwa leso safi, akashukuru kimoyomoyo.

"Nani alizima stima?"

"Mimi," akajibu Mulki, mwenye biashara hiyo ya maziwa ya ngamia. "Nilizima swichi kubwa ndipo nikamgusa. Wallahi, Inspekta, huyu hakuwa mfanyakazi kwangu. Alikuwa dada."

Nje ya lango watu walikuwa wakipiga kelele. "Tuleteeni huyo fundi!" Ndani ya gari la polisi aliketi Gerishon, fundi aliyefunga sanduku lile juzi tu, shati limeraruka, mikono imo kwenye pingu.

"Madam, kesi imeisha," Sajini Karanja alisema. "Fundi amefanya kazi mbovu. Tukichelewa hapa, watamchoma."

"Mlete afungue."

Gerishon alifungua kifuniko, pingu zikigonga chuma. Mara akatulia.

"Hii si kazi yangu. Waya ya kijani imekatwa. Hiyo ndiyo hupeleka ardhini stima iliyotoroka. Na ona, skrubu ya kifuniko imeuma waya nyekundu. Aliyefunga hapa hakuwa anaona vizuri."

"Ya kijani ikikatwa, mashine inazima?"

"Hapana. Inachaji tu kama kawaida. Lakini stima ikiingia kwenye chuma, swichi haijui. Inabaki hapo, inangoja mtu."

"Nani alikuona ukiifunga?"

"Wote wa hapa. Waliniuliza maswali mpaka nikachoka. Nikawaambia, bila ya kijani mimi siwezi kuwasha hii mashine."

Inspekta alivaa glavu, akauvuta waya taratibu. Ncha iliyokatwa ilikuwa imeviringwa ukanda wa mpira, ule unaokatwa kwenye tyubu kuukuu, na kufungwa fundo bapa, mkia wake umefichwa ndani.

"Sajini, umewahi kuona muuaji akifunga kidonda?"

Honi ililia langoni. Pikapu kuukuu iliyojaa mitungi iliingia, vumbi la barabara ya Kinna limeipaka rangi moja na dereva wake, Mzee Molu.

"Salaam aleikum! Wacuka! Watu wote hawa ni wa nini? Unaolewa na hukunialika? Chai yangu iko wapi?"

Inspekta alizunguka nyuma ya pikapu. Kila kifuniko cha mtungi kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa mpira. Fundo bapa. Mkia ndani.

"Mzee, nani hufunga mitungi hii?"

"Mimi, binti yangu. Ni fundo la baba, la mizigo ya ngamia. Hapa mjini hulipati kwa mtu mwingine." Kisha macho yake yakaifikia leso. "Pale ni nani?"

"Wacuka."

"Ameanguka?"

"Ameuawa na stima. Ya kijani ilikatwa."

Mzee aliushika mlango wa pikapu. Inspekta alimsogelea.

"Ulikata lini?"

"Jana jioni, kabla sijaenda Kinna. Fundi alisema bila hiyo mashine haiwaki."

"Ulitaka nini?"

"Ikatae kuwaka! Mulki aone ni takataka, airudishe. Na ncha nikaifunga, isimchome mtu. Wallahi niliifunga."

"Mashine ilikukosea nini?"

"Nilisikia pikapu inauzwa, tuktuk ichukue nafasi yake. Nimeliendesha hili gari tangu Mulki akiuza maziwa kando ya barabara. Ng'ombe wangu wote walibaki Sericho, mifupa, kwa ule ukame. Gari likienda, mimi ninaenda wapi?"

Mulki alikwenda kwenye tuktuk mpya, akalivuta turubai lililoifunika mbele. Juu ya kioo, kwa rangi iliyokuwa bado inanuka, paliandikwa ABBA MOLU, Baba Molu.

"Hii ilikuwa yako," alisema. "Wacuka ndiye aliyeniomba. Alisema mgongo wako umechoka na ile barabara, uiendeshe hapa mjini, uzeeke kwa raha. Maziwa ya Kinna yangeletwa na magari ya wafugaji wenyewe. Leo alikuja mapema kuichaji, ukifika uikute imejaa. Alitaka akushtue." Aliliachia turubai. "Na chai yako iko kwenye thamosi. Alianza na chai."

Mzee Molu aliketi chini kwenye maji.

Sajini Karanja alimfungua Gerishon pingu. Zilikuwa bado na joto la mikono ya kijana zilipofungwa kwenye mikono ya mzee. Umati ulifungua njia.

Gari la polisi lilikuwa refu kwenda juu, na miguu ya mzee haikutaka kupanda. Aliyemshika kiwiko akampandisha alikuwa Gerishon, na shati lake lililoraruka.

Mzee alimgeukia.

"Mwanangu, hukuniambia inaua."

"Mzee," Gerishon alisema, "hukuniuliza."