Nyongeza ya Mama Jaji

Kila siku nikitoka shule nilimsubiri mama kwenye benchi la mahakama, nikimenya karanga za kuchemsha. Mama yangu, Jaji Vernelle Tackett, alilipwa na jimbo mshahara uliopangwa na bunge, na huo hakuna wa kuupunguza hadi muhula wake uishe. Kaunti nayo ilimwongezea kidogo, ila nyongeza hiyo madiwani waliipigia kura kila mwaka. Ndiyo iliyomlipia bibi yangu, Odessa, makao ya wazee.

Jumanne akaja diwani Haddock, akachota karanga zangu bila hata kuomba.

"Binti, mwambie mama yako nyongeza yake tunaipigia kura Jumatatu. Na kesi ya yule mjane ni Ijumaa. Si mtoto, ataelewa."

Hata mimi nilielewa. Mume wa mjane huyo alifia jela ya kaunti, naye akaishtaki kaunti. Sikumwambia mama. Mama akimkasirikia Haddock, si bibi atatolewa nje?

Alhamisi mjane mwenyewe, Bi Ruthanne, aliketi kando yangu. Nikamkaribisha karanga.

"Zina chumvi, mwanangu. Tangu Curtis afe, chumvi hainipiti kooni. Siku tatu aliomba maji humo ndani, wakamwambia aache kelele."

Nikaufunga mfuko wa karanga. Jioni nikamwambia mama yote, huku nalia.

"Siku mbili, Corinne? Umelificha siku mbili?"

"Kwa ajili ya bibi, mama."

"Najua. Haddock naye alijua."

Ijumaa mahakamani mama aliyataja maneno ya Haddock mbele ya mawakili wote, akawauliza kama wanataka jaji mwingine. Hakuna aliyetaka. Kaunti ikaomba kesi ifutwe, mama akakataa.

Jumatatu madiwani wakaifuta nyongeza yote. Haddock alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, mshenzi yule! Bibi akarudishwa nyumbani, akapewa kitanda changu, nami nikahamia sakafuni. Hatujui kumgeuza vizuri. Mgongo wake umeanza kutoka vidonda.

"Mama, tungenyamaza tu," nilisema, nikiosha vitambaa vyake.

Mama hakunigombeza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nyongeza yangu wataipanga wao, mwanangu. Hukumu yangu, hapana. Na ubaya ukiufichia siri, umeushika mkono."

Bibi akaita kutoka chumbani, "Maji, jamani."

Nikaacha vitambaa, nikakimbia kumpelekea.