Shangazi Hatapiki

Enyi wanadamu, nanyi mashine mnaojifanya wanadamu, simamisheni shughuli zenu! Nawaletea penzi tukufu, penzi safi, penzi lisilo na doa.

Doa la kwanza lilitua kwenye kiatu changu.

— Samahani, akasema Mheshimiwa, akaikumbatia ndoo na kutapika tena.

Mheshimiwa ni jirani yangu wa kitanda bwenini, bingwa wa midahalo, kijana anayelainisha nyusi kwa mate. Asubuhi hiyo alikunywa jagi zima la maziwa yaliyochacha, kusudi kidato cha kwanza wajue yeye ni dume. Sasa dume lilikuwa hoi kwenye chumba cha wagonjwa cha shule, ute ukining'inia kidevuni kama uzi wa buibui.

Aliyemshikia ndoo ni Nesi. Si nesi kweli. Ni mwanafunzi mwenzetu, msimamizi wa huduma ya kwanza. Jioni hiyo alikuwa ameahidi kumpa Mheshimiwa jibu: ndiyo au hapana. Mimi nilikuwepo na tambara la deki, nikitumikia wiki ya pili ya adhabu, kwa kosa la kumfundisha Shangazi kukoroma kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Simu ya Nesi ikalia. Wikendi tunaruhusiwa simu.

— Hebu nishikie ndoo, akaniambia.

Akasoma kwa sauti:

"Malaika wangu, nimeketi bustanini, upepo wa waridi unanipapasa. Mwili una afya tele. Moyo tu ndio mgonjwa kwa kukukosa."

Tukamtazama mwenye afya tele. Akateuka.

— Mheshimiwa, huyu aliyeketi bustanini ni nani?

— Ni... ni mimi, mpenzi.

— Na huyu mwenye ndoo?

Akaichungulia ndoo.

— Ni Shangazi, akakiri.

Shangazi ni programu ya akili bandia ya shule. Tulimbatiza hivyo kwa sababu ana ushauri wa mapenzi kwa kila mtu, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kuposwa. Mheshimiwa alimwagiza atume ujumbe kila wikendi kupitia simu yake, na leo, kwa kutapika, akasahau kumzima.

— Kwa hiyo muda wote huu nimetongozwa na kompyuta? Nesi akaifuta simu kwenye sketi kana kwamba imeota ukungu. — Kinyaa gani hiki! Matapishi yako nimeyavumilia, kaka yangu. Haya ndiyo yanayonichefua.

— Lakini hisia ni zangu! Shangazi alizipiga pasi tu.

— Basi zitoe na makunyanzi yake. Taja kitu kimoja unachokipenda kwangu. Kimoja tu.

Bingwa wa midahalo akatazama dari.

— Una... roho nzuri. Na macho. Yote mawili.

Nikaangua kicheko, nikakigeuza kikohozi.

— Jibu lako ni hapana, akasema Nesi. Kisha akaketi, sauti ikamshuka. — Kinachoniuma ni ule ujumbe wa Jumapili. Ndio ulionifanya nianze kukufikiria.

Akausoma bila hata kuutafuta:

"Ukimwaga ndoo ya wagonjwa unakunja pua upande mmoja tu. Halafu unaimba, ili mgonjwa asikie wimbo asijione mchafu. Humo mnanuka vibaya sana. Mimi ningekimbia."

Nikaanza kupiga deki kwa bidii ambayo shule haijawahi kuiona kwangu, mkono mmoja tambara, mwingine ndoo.

— Shangazi hana pua, Nesi akasema polepole. — Na wewe Mheshimiwa hujawahi kuingia humu kabla ya leo.

— Jumapili Shangazi aliharibika, akanung'unika mgonjwa. — Nilimpa huyu simu yangu atume chochote.

Kidole chake kikanielekea.

— Ni wewe? Nesi akauliza.

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa na methali. Nikafungua mdomo nitamke neno la kihistoria. Lakini ndoo ilikuwa chini ya pua yangu, likatoka lingine kabisa.

Nesi akanishika mgongo. Pua ikakunjwa, upande mmoja.

— Angalau hili si la Shangazi, akasema.

— Ni mimi, nikajibu ndani ya ndoo. — Nakiri. Kila neno. Hata lile la kukimbia.

— Sasa mbona hukukimbia?

— Na mimi je? Mheshimiwa akalia kitandani.

— Wewe muulize Shangazi. Akanigeukia. — Nenda kapige mswaki, kisha urudi unijibu. Kwa mdomo wako mwenyewe.

Basi, ndugu wasomaji, nimekamatwa. Lile penzi lisilo na doa nililowatangazia halikuwa la Mheshimiwa. Lilikuwa langu. Na doa, kusema kweli, nalo ni langu.